Zege la Mwezi wa Pili

Bibi Ardis Haugen aliwapikia watoto wa shule pale Fargo, Marekani, miaka thelathini na mmoja, na yeyote aliyewahi kusimama na sahani mbele yake atakuambia: akinyamaza huyo, kimbia. Jumamosi ile, katika duka la mazulia na vigae, alikuwa amenyamaza kabisa.

Muuzaji alikuwa akimhubiria Brent, mkwe wa bibi huyo. "Zulia hili nene, kaka! Ukikanyaga ni kama unakanyaga mkate!"

Brent akavua kiatu, akakanyaga kwa soksi, uso ukamng'aa. "Mama, njoo ujaribu!"

"Chumba ni cha nani?" akauliza Bibi Ardis.

"Chako, Mama."

"Basi mbona huyu bwana ananitazama kama nimekuja kubeba mizigo?"

Muuzaji akakohoa. Wakatoka bila kununua kitu, wakarudi nyumbani.

Chumba kilikuwa chake kweli. Nyumba ya juu alikuwa amemwachia bintiye Kirsten, na Brent, na watoto wao watatu. Yeye angeshuka kukaa chini, kwenye chumba kilichochimbwa ardhini. Brent alikuwa amekipaka kuta rangi nyeupe na kukiwekea taa za kupendeza. Ilibaki sakafu tu, zege tupu, na zege lile Bibi Ardis alilijua kuliko alivyomjua marehemu mumewe. Kila mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka na mto ukifura, lilitoka jasho. Mazulia mawili yalikwisha kuozea pale. La pili lilimwachia kikohozi kilichomlaza hospitali wiki mbili.

"Nataka vigae," alisema walipofika. "Na kizulia kidogo cha kutoa nje nikikung'ute."

"Vigae vina baridi, Mama. Halafu nimeshapima unyevu, njoo uone." Brent akamshusha ngazi. Siku nne kabla alikuwa amebandika kipande cha nailoni sakafuni na kuziba kingo zote kwa utepe wa gundi. Akakibandua kwa mbwembwe. Chini yake pakavu kama biskuti. "Unaona? Hata tone!"

"Leo mwezi wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na theluji huko nje?"

"Ipo. Imeganda."

"Sasa maji yatashuka kutoka wapi, Brent?" Sauti ikapanda. "Umemhoji shahidi amelala usingizi, kanyamaza, wewe unasema hana ushahidi!"

"Mama, taratibu," Kirsten aliita kutoka ngazini. "Majirani watasikia."

"Wasikie! Wewe ndiye uliyeniletea supu wodini, au umesahau? Nimepiga deki hapa kabla huyu hajaota ndevu, leo ananifundisha zege!"

Brent akawa mwekundu hadi masikioni. "Nimeweka pampu mpya ya kuvuta maji. Naapa halitalowa."

"Unaapa?"

"Naapa."

"Haya. Lete kile kiti chako cha ngozi, ambacho hata watoto hawaruhusiwi kukikalia. Na yale maboksi ya kadi za picha za wachezaji wa hoki uliyoyatunza tangu utotoni. Yaweke hapahapa, juu ya zege, mpaka mwezi wa tano. Yakitoka makavu, nunua zulia lako, nitalilalia bila hata kitanda."

Brent akaitazama sakafu. Akaitazama ile kona ya pampu. Akajikuna shingo.

"Zile kadi ni za karatasi, Mama."

"Na mapafu yangu ni ya bati?"

Kirsten aliziba mdomo asicheke. Brent akachuchumaa, akaanza kubandua mabaki ya utepe kwa kucha, moja moja, polepole mno.

"Vigae vya rangi gani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Vya kijivu." Bibi Ardis akaanza kupanda ngazi. "Na Jumatatu nakwenda dukani mwenyewe, yule bwana aongee na mimi. Wewe utakuja kubeba mizigo."