Mchanga wa Wapagazi

Kwa miaka sita sasa nawatembeza wageni kwenye mto wetu, huku bondeni upande wa Kintinku, na niseme mapema kwamba mimi si mtu wa historia. Niliishia darasa la saba. Nilikaa semina ya siku tatu, nikapewa kofia na cheti chenye picha ya twiga, ingawa twiga kwenye mto huu sijawahi kumwona, nikaambiwa kuanzia leo wewe ni mwongoza wageni. Safari yangu ni ya siku moja. Asubuhi nawaonyesha maisha ya mto, mchana tunakula wali na kambale, halafu nawapeleka kwenye vita.

Kiangazi mto wetu hauna maji ya kuonekana. Ni mchanga mtupu kutoka ukingo huu hadi ule, na maji yako chini yake. Kila ukoo una kisima chake, na wachungaji huchimba kwa kupokezana, mmoja akiwa chini kabisa haonekani, wenzake wakipandisha ndoo na kuzimwaga kwenye birika la udongo wanakonywea ng'ombe. Nawaambia wageni wavue viatu kabla ya kusogea, na kwamba sufuria yenye masizi haiteki maji hapo. Wanaandika kwenye simu zao. Kisha tunakwenda kwenye madimbwi ya mwisho, ambako watu wanaingia kwenye tope hadi magotini wakipapasa kambale kwa mikono. Hakosi mgeni atakayetaka kujaribu, na hakosi atakayepiga kelele akidhani ameumwa. Asubuhi naifurahia kazi yangu, maana asubuhi sisemi uongo hata mmoja.

Uongo wangu ulikuwa wa mchana.

Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipita huku. Pande zote mbili zilikamata wanaume vijijini, zikawatwisha masanduku ya risasi na magunia ya unga, zikawaswaga kama mbuzi wa mnadani. Msafara mmoja wa wapagazi uliweka kambi kwenye kona ya mto wetu, watu wakaanza kuhara damu, na waliokufa walizikwa palepale na wenzao. Hayo ni kweli. Wazee wa kijiji waliyasimulia, na tulipokuwa wadogo tulikatazwa kuchimba kisima kwenye kona ile, tena tulikatazwa kwa fimbo. Uongo ulikuwa mahali pa kaburi. Kaburi nililokuwa nawaonyesha wageni nililitengeneza mwenyewe, kwenye mwinuko mmoja hatua kama mia tatu kutoka mtoni, kwa mawe niliyoyasomba na toroli na saruji kidogo. Kabla saruji haijakauka niliandika kwa msumari: WAPAGAZI WALALE PEMA. Pale pana kivuli na gari linafika. Wageni walivua kofia, wengine walilia, wakapiga picha. Mahali penyewe hapakuwa pa kuonyesha mtu.

Kiangazi cha mwaka jana lilikuja basi dogo kutoka Singida mjini. Ndani walikuwamo watumishi watano wa ofisi moja waliokuwa wakijipongeza kwa matembezi, na kiti cha nyuma mama mmoja mtu mzima sana na binti yake, ambao walikuwa wametokea Sepuka na kupata nafasi kwenye gari hilo. Nilimpa shikamoo yule mama, akaitikia kwa sauti ndogo, akaniuliza habari za kwangu, za watoto, za mvua. Alikuwa amekonda hadi bangili ilimpanda mpaka kwenye kiwiko. Mkononi alishika kikapu, na hakutaka mtu amsaidie kukibeba.

Mtoni hakuangalia ng'ombe wala kambale. Alikaa ukingoni akitazama mchanga, na binti yake akasimama nyuma yake kumkinga jua. Mimi, kusema kweli, nilikereka. Nilifikiri ni wale wazee wanaoletwa na watoto wao kupunga hewa ilhali wenyewe wangependa kulala kwao.

Wakati wa chakula yule binti, mwalimu wa umri wangu hivi, alinivuta pembeni.

"Kaka, mama hajaja kutembea," alisema. "Amekuja kumchukua babu yake."

Akanieleza. Babu huyo alikamatwa na kutwishwa mzigo wakati baba wa huyu mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakurudi. Aliyerudi ni mwanakijiji mwenzake, ndiye aliyeleta habari kwamba amefia kwenye kona ya mto wa mchanga, chini ya mlima, siku chache kabla hawajafika relini. Kwenye ukoo wao mtu aliyefia mbali hurudishwa kwa udongo wa mahali alipolala. Udongo unafungwa kwenye shuka jeupe na kuzikwa kama mtu, kwa jina lake. Mpaka hapo jina hilo halipewi mtoto, na yeye hatajwi kwenye msiba wowote wa nyumbani, maana hajafika. Baba wa huyu mama alitafuta akashindwa, akamwachia binti yake kazi hiyo.

"Na mama mwenyewe hospitali wameshatuambia turudi naye nyumbani," alisema. "Unanielewa? Akiondoka yeye, hakuna mwingine anayejua hata wamtafutie wapi. Aliposikia kwamba huku kuna mtu anaonyesha makaburi ya wapagazi, hakulala."

Ningeweza kusema palepale. Sikusema, na sababu ninaijua: wale watumishi watano walikuwa karibu, na niliona haya mbele ya watu ambao hata majina yao sikuyajua.

Tulipofika kwenye mwinuko watumishi walitangulia kupiga picha. Yule mama alisubiri zamu yake kwa adabu, kisha akasogea, akapiga magoti kwa taabu, akaweka kiganja chini. Akakwaruza ardhi kwa ukucha.

"Udongo huu ni mgumu," alisema. "Yule aliyemzika babu alisema walimfukia kwenye mchanga, kwa mikono, kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kushika jembe. Hapa walichimbaje?"

Miaka sita nilikuwa sijawahi kukosa jibu. "Mto ulihama, mama," nikasema. "Zamani ulipita hapa hapa. Huu udongo uliletwa na mafuriko baadaye."

Uongo huo ulitoka kirahisi mno, hata mimi niliuogopa. Alinitazama kidogo, akakubali, kwa sababu alikuwa anataka sana kukubali. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu. Umemtunza babu yangu na wala si ndugu yako. Mungu akulipe."

Akatoa kwenye kikapu kipande cha shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Akalitandaza. Akaanza kusema Kinyaturu, lugha ambayo mimi naisikia juujuu tu, lakini jina nililisikia vizuri. Alilirudia mara tatu, akimwita. Jina hilo silitaji hapa, si langu. Nyuma yetu mtumishi mmoja alikuwa akimwambia mwenzake asogee kushoto kwa sababu anaziba maandishi. Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na maandishi yenyewe niliyaandika mimi.

"Mama," nikasema, "usichukue hapo."

Aligeuka. Mkono wake ulikuwa umeshajaa udongo.

"Babu yako hayupo hapo. Hakuna mtu hapo. Hilo kaburi nimelitengeneza mimi."

"Unasema nini wewe?" binti yake alipaza sauti. Alinisogelea na nadhani angenipiga, na ningestahili. Mama yake alinyoosha mkono kumzuia.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

Niliwaacha watumishi kivulini, nikawashusha wale wawili hadi kwenye kona ya mto, taratibu, tukipumzika kila baada ya hatua chache, na njiani nikasema yote. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kupakia mchanga kwenye malori. Mchanga wa karibu na barabara ulipokwisha, tajiri alituambia tuingie kwenye kona. Wazee waliotukataza walikuwa wameshakufa karibu wote, na waliobaki nani angewasikiliza. Siku ya pili yalianza kutokea mifupa. Mwenzetu mmoja alisema ni ya ng'ombe, na sote tukaitikia haraka kwamba ni ya ng'ombe. Kisha likatoka taya la juu, lina meno ya mbele. Sisi ni watu wa mifugo. Hapakuwa na mtu pale asiyejua kwamba ng'ombe hana meno ya mbele juu. Tulisimama na makoleo yetu, hakuna aliyemtazama mwenzake. Dereva akapiga honi, tukapakia.

Kona ile leo ni shimo. Ukingo umemomonyoka, mkuyu uliokuwapo umeangukia ndani na mizizi yake iko juu, na chini kuna miiba na mifuko ya plastiki iliyoletwa na maji ya masika. Yule mama alisimama ukingoni, binti yake akamshika kiunoni asije akaanguka. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika, hata wewe unaweza kukasirika kidogo.

"Huu mchanga ulikwenda wapi?" akauliza.

"Mjini, mama. Manyoni, Dodoma, kwingine sijui. Madereva ndio walijua."

"Wote?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilijiona nimeshasema ukweli wa kutosha kwa siku moja, na nilikuwa na mke na watoto wanaolala nyumba ile.

"Lori mbili za mwisho zilikuja kwangu," nikasema. "Tajiri alinipa nijengee nyumba."

"Ni mbali?"

"Si mbali."

"Nipeleke."

Mke wangu alikuwa uani akipeta mtama. Alipotuona aliweka ungo chini, akampa mgeni shikamoo na kigoda, akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Yule mama alikunywa. Kisha akamweleza mke wangu kwa nini amekuja, bila kunisema vibaya hata kwa neno moja, akaomba kisu. Mke wangu alinigeukia.

"Vile vipande vyeupe," alisema. "Tulipokuwa tunachekecha mchanga wa plasta. Nilikuuliza. Uliniambia ni makombe ya konokono."

Miaka yote hiyo tulikuwa tumezaa watoto wanne kwenye nyumba ile, na mmoja tulimzika, na sasa niliona kabisa anachokifikiria. Alikwenda jikoni, akaleta kisu, akampa yule mama kwa mikono miwili.

"Yuko kwenye chumba gani?" yule mama aliniuliza.

"Sijui, mama. Ulichanganyika."

"Basi vyote."

Alianza sebuleni. Alisimama mbele ya ukuta, akamwamkia babu yake kwa Kinyaturu, akakwaruza plasta kidogo juu ya shuka, akaenda ukuta wa pili. Kila chumba alianza upya kwa kumwamkia, kwa sababu huenda alikuwa humo. Aliingia chumba cha watoto, binti yake akasogeza madaftari. Aliingia chumba chetu, akakwaruza juu ya kitanda, nami nilisimama mlangoni nikitazama vumbi likidondoka kwenye mto ninaolalia. Nililia, na hakuna aliyenibembeleza. Kila mara alipochoka alikaa kwenye kigoda akihema, halafu akaendelea. Nje basi lilikuwa limefika na kupiga honi, wale watumishi walitaka kurudi mjini kabla jua halijazama. Binti yake alitoka akawaambia waende.

Alipomaliza vyumba vyote alitoka uani, shuka mkononi, limefungwa nusu. Nilidhani tumemaliza. Yeye akawa anatazama nyuma ya nyumba, kule kwenye choo.

"Kile nacho ulikijenga kwa mchanga huohuo?"

Ningeweza kusema ni cha udongo. Kilipigwa plasta vizuri, asingejua. Mke wangu aliinamisha kichwa, na yule mwalimu alinitazama machoni, akiniomba kabisa niseme hapana.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Huohuo."

Akajifunga kitenge vizuri, akachukua kisu, akaingia. Tulimsikia humo ndani akimwamkia babu yake, kisha kisu kikaanza kukwaruza.