Mtoto wa Visiga Aliyetoroka Mara Nne

Firdausi alitoroka kwao Visiga mara nne, na mara zote nilimkuta kwa shangazi yake kule Mzenga, Kisarawe, keshaoga, kakaa barazani ananisubiri.

"Shikamoo anti Elinipa."

Marahaba ilinitoka kwa shida. Ana miaka kumi na moja, na mimi, afisa ustawi wa jamii, nilishachoka naye.

Mara tatu za kwanza nilifuata fomu. Tatizo la mtoto? Mtoro. Hatua? Karudishwa kwa mama. Sahihi, muhuri, kwisha habari.

Wiki mbili tu, simu inaita tena.

Mama yake, Shamsia, aliapa kwamba wifi yake anamroga mtoto. Bosi naye akanichana laivu: "Una mafaili sitini, unahangaika na moja. Lifunge."

Nilitamani kulia. Kwa hasira tu.

Mara ya nne sikumrudisha. Nilimwita Shamsia aje Mzenga mwenyewe. Akaja kanuna. Shangazi, Bi Mwanamkuu, akatandika mkeka bila kumtazama.

Hawakuwa wamekaa pamoja tangu msiba wa baba Firdausi, miaka miwili nyuma. Siku hiyo Mwanamkuu alisema mbele za watu kwamba kaka yake kafa kwa sababu mkewe alichelewa kumpeleka hospitali.

Nikauliza, "Firdausi akitoroka, nani anampigia nani?"

Shamsia akamtupia wifi yake jicho.

"Nampigia wifi," Shamsia akasema. "Namuuliza kama kafika."

"Na asipotoroka?"

"Hatupigiani. Tuongee nini?"

Firdausi alikuwa anachezea ncha ya mkeka. Akasema bila kuinua uso:

"Ndiyo maana natoroka."

Niliishiwa pozi. Safari nne, na hakuna siku niliyomuuliza sababu.

Shamsia akageuka taratibu. "Siku ile gari lilikosekana, wifi. Nilimbeba kaka yako mgongoni mpaka barabarani."

Mwanamkuu akajifunika uso kwa kanga.

Hawakukumbatiana. Mpaka leo wananuniana, ila wanapigiana simu, na Firdausi huenda Mzenga likizo, kwa ruhusa. Bosi bado ananiuliza kwa nini nilimaliza siku nzima kwa familia moja.

Ukiona mtoto anasumbua, usikimbilie kumwandika mtoro. Waite wakubwa zake wakae mkeka mmoja, halafu uwe na subira ya kusikiliza. Mimi ilinigharimu safari tatu za bure, na yeye miaka miwili ya utoto wake.