Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alihama Scotland na vitu viwili: birika la chai na hadithi ya ng'ombe. Birika lilivunjika. Hadithi tuliisikia hapa nyumbani Thamesmead, London, mpaka tukaikariri. Eti babu wa babu yake, peke yake, rungu mkononi, asubuhi ya ukungu, aliwatimua wezi na kuokoa ng'ombe wa bonde zima. Kila mwaka aliisimulia kwenye mkutano wa watu wa kwao wanaoishi London, na kila mwaka mzee mmoja wa bonde la jirani aliguna kwa sauti: "Uongo mtupu!"

Tangu afiwe na mumewe, kitu pekee kilichomtoa nyumbani kilikuwa ile hadithi.

"Wewe macho yako mazima, mwanangu," akaniambia. "Nenda kwenye hifadhi ya nyaraka, uniletee ushahidi nimzibe mdomo yule mzee."

Nikaenda. Mwenye ardhi ya mabonde yale alihamia London zamani, na barua zake zimehifadhiwa huku. Mlangoni wanakunyang'anya kalamu, wanakupa penseli, kisha wanakuletea boksi. Mwandiko ulikuwa kama kuku kapita kwenye majivu. Baada ya safari kadhaa nikampata babu. Ng'ombe walikuwepo kweli, ukungu ulikuwepo, na rungu pia. Ila mwizi alikuwa yeye, na ng'ombe walikuwa wa bonde la jirani.

Nilicheka hadi msimamizi akanikata jicho. Kwenye treni kicheko kikakauka. Sisi Wangoni, mkwe ni mtu wa heshima. Humwambii kwamba ukoo wake ni wa wezi. Hiyo ni kazi ya mtani. Mnyamwezi, mtani wetu, anaweza kuja msibani kwetu akatutukana mbele ya jeneza, tukacheka huku tunalia. Nikamkumbuka yule mzee na miguno yake. Kumbe mtani alikuwepo miaka yote.

Basi jikoni nikamwanzia Mama mkwe habari za utani, nakala ya barua ikiwa bado mfukoni.

"Na mtani akikushinda?" akauliza.

"Unakubali mbele za watu, Mama, halafu unamrudishia kubwa zaidi."

Nikampa karatasi. Akaisoma, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Niliogopa sana. Nilijiona nimemnyang'anya mjane kitu alichobaki nacho, tena kwa ujuaji wangu tu.

Siku ya mkutano alitoka amejipamba, kabeba mkoba mkubwa. Ukumbini akasimulia kama kawaida, ukungu, rungu, kisha akaweka mwisho mpya, wa kweli. Akamwendea yule mzee, akafungua mkoba, akamwekea mezani sahani ya nyama ya kuoka.

"Haya. Ndicho kilichobaki cha ng'ombe wenu."

Mzee akachukua kipande, akatafuna bila haraka.

"Mmekaa naye miaka yote hii," akasema, "na bado hamjajua kumpika."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika meza. Tangu tumzike mumewe sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, na machozi yakanilenga. Akavuta kiti, akakaa kando ya mzee.

"Basi njoo Jumapili unifundishe."