Chaki Nyeupe ya Shangazi

Juzi, pale Mlowo, nilimwona muuza duka akipaka chaki ya kuulia mende chini ya kabati, nikamkumbuka shangazi yangu wa Tunduma.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alinipa boksi la chaki nichague za kuchorea kwenye saruji mbele ya duka lake. Nilichukua ya njano na ya bluu, kisha nikaiona nyeupe, nene, imefungwa peke yake kwenye nailoni.

"Hiyo siyo yako," alisema haraka. "Usiiguse kabisa."

Niliamini anamfichia binti yake. Niliacha kuchora, nikawa namchungulia. Nje malori yalinguruma na kunuka dizeli. Ndani shangazi aliinama, akachora mstari mweupe kwenye kizingiti, taratibu, huku midomo ikimchezacheza. Kumbe shangazi ni mchawi!

Aliponiletea wali na maharage, niliisukuma sahani.

"Umeweka nini?"

Hakukasirika. Alichota kijiko kwenye sahani yangu, akala, akanionyesha ulimi.

"Haya, mwanangu. Tusubiri. Nisipokufa, nawe utakula."

Tulikaa tukitazamana mpaka maharage yakapoa. Ndipo nikala.