Mshindi Asiyehema

Juzi hapa Garissa kulikuwa na mbio za kwenda mtoni na kurudi, nasi tulishangilia hadi sauti zikakauka! Mfugaji mmoja wa ngamia alifika wa kwanza, mdomo kaufumba, kifua kimetulia kama mtu aliyetoka kulala. Afande aliyesimamia mbio akamkamata mkono.

“Mbona huhemi? Ulijificha vichakani, shifta wewe?”

Siku hizi neno hilo, la waasi wenye bunduki, linampeleka mtu kizuizini.

“Wallahi, afande, pua iko. Mdomo ya kazi gani? Twende tena, mimi na wewe.”

Wakaenda, afande akikimbia ubavuni ili amchunge. Waliporudi, afande aliinama, mikono magotini, mdomo wazi, akamwonyesha kwa kidole mshindi, ambaye mdomo bado kaufumba. Pumzi ya kusema “shifta” hakuwa nayo tena.