Nguo Nyeusi Uwanjani

Severa alipofunga duka la spea Jumamosi asubuhi, majirani wa mtaa wa Gerezani walitoka barazani kuuliza kuna nini. Hata Jumamosi ile waliyorudi kutoka Rombo kumzika mumewe Polycarp, Mungu amrehemu, alifungua.

"Naenda uwanjani," alimwambia shemeji yake Ignasi. "Vicky anacheza kriketi."

Ignasi alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu, vyote vyeusi. "Na hizo nguo, shemeji? Wenzio wanashangilia, wewe umekaa pale na msiba wako? Subiri kwanza misa ya kuzivua."

"Misa ni Agosti. Mechi ni leo."

Hakumweleza zaidi. Marehemu hakuwahi kukosa mechi ya bintiye, na yeye hakuwahi kwenda hata moja, maana lazima mtu abaki dukani. Baada ya mazishi Vicky alilisukuma gongo lake la kriketi chini ya kitanda, akasema basi, atacheza akiangaliwa na nani. Mama akamjibu, "Cheza hii moja. Nitakuwepo." Mtoto alimtazama kama mtu aliyeisikia ahadi hiyo mara nyingi.

Alifika uwanjani Upanga jua limeshika. Wachezaji walikuwa wamevaa meupe, na Vicky alisimama upande wa mbali, gongo mkononi, kofia ngumu kichwani. Severa akaizunguka kamba ya uwanja hadi mwisho kabisa, akasimama mbele ya ubao mkubwa mweupe, ana kwa ana na mwanawe. Akafanya ishara ya msalaba. Msichana wa timu ya pili akaanza kukimbia ili arushe mpira.

Vicky akainua mkono na kurudi nyuma. Mchezo ukasimama. Akamnyooshea mama yake gongo, akapunga: toka hapo.

Uwanja mzima ukageuka. Severa alihisi uso unawaka. Kumbe Ignasi alisema kweli, nguo hizi zinamwaibisha mtoto. Akaukumbatia mkoba wake, asisogee hata hatua.

Mzee mmoja wa kofia ya kufuma akamjia taratibu. "Mama, sogea kando kidogo."

"Siondoki. Nguo zangu hazijamdhuru mtu."

"Hata ungevaa shela la bibi harusi ungesogezwa. Mpira unatokea upande huu. Mtoto lazima auone ukitoka mkononi mwa mwenzake, na nyuma yake pawe peupe, la sivyo utamfika usoni." Akashusha sauti. "Mimi Abdulrazak, wa Mchafukoge. Nilikuwa nakaa hapa na Polycarp kutazama mechi. Naye siku ya kwanza alisimama hapahapa, na alibisha kuliko wewe. Pole sana kwa msiba."

Severa akamfuata, akaketi naye kivulini.

Mpira ukarushwa. Vicky akainama, akaupiga, na mlio wa gongo ukafika baada ya macho kuona. Mpira ukakata majani, ukavuka kamba.

"Aa, ameutoa nje," Severa akasikitika.

"Kuutoa nje ndio utamu wenyewe, mama. Alama nne hizo."

Uliofuata ukapaa juu ya vichwa vya wote. Severa alijikuta amesimama, na kigelegele kimeshamtoka, kirefu, cha harusini. Watu wakamtazama yeye na kilemba chake cheusi. Hakukaa, na hakuziba mdomo. Akapiga kingine.

Baadaye mpira ulimpita Vicky ukaangusha vijiti vilivyosimikwa nyuma yake, na ndivyo alivyotolewa. Alikuja polepole, kofia kwapani.

"Umeniona nikitolewa."

"Nimekuona. Na kabla ya hapo nimekuona. Mbona ulinifukuza?"

"Nilitaka nipige vizuri, mama. Ulikuwa unaangalia."

Severa alimfuta jasho kwa ncha ya kitambaa chake. Koo lilikuwa limekauka kwa kupiga kelele. "Mechi nyingine lini?"

"Jumamosi ijayo, saa tatu. Lakini usisimame pale."

"Nitakaa na mzee. Lete maji, bado wenzako wanapiga."