Kuteleza Kibumba Wakati wa Pasaka

Siku ile watoto wangu walivaa suruali mbilimbili, na mdogo akaongeza koti la baba yake lililomfika magotini. Nilipowauliza wanaogopa nini, walinijibu mawe. Siwalaumu. Walikulia Ndosho, mtaa wa Goma, ambako ardhi yenyewe ni mawe meusi ya volkano, na mtoto akianguka anainuka na damu. Kwamba kuna mahali mtu anaweza kuteremka kilima kizima kwa makalio na kufika chini na ngozi yake yote, hilo waliliona ni uongo wa wazee.

Mzee aliyewaambia uongo huo alikuwa baba yangu. Alizaliwa Masisi, akalelewa na ng'ombe zaidi kuliko watu. Mvua za Pasaka zilipoanza kulainisha majani, alituambia, vijana walimaliza kukamua, wakaangusha mgomba mmoja, wakaubandua maganda yake mapana na kuyakalia, kisha wakateleza malishoni hadi nguo ziwaishie mwilini. Mimi mwenyewe alinifundisha nikiwa na umri wa binti yangu. Halafu vita vikatushusha Goma, na kilima chetu kikabaki na watu wenye bunduki. Baba aliishi uani kwetu miaka yote ile kama mgeni aliyepitiliza siku zake na anajua.

Mimi lakini sikuenda kwa ajili ya mchezo. Nilikwenda kwa ajili ya binti yangu. Mabomu yalipoanguka upande wa Katindo, mji ulikimbia kwa miguu, na katikati ya ule msongamano nilimwambia, "Shika kikwembe yangu, usiachilie." Akashika pindo la kitenge nilichojifunga. Tukarudi nyumbani, risasi zikanyamaza, watu wakaanza tena kuuza sabuni na mafuta barabarani, na yeye bado ameshika. Sokoni ameshika, kanisani ameshika, hata nikienda kukomunika, kupokea ekaristi, tunapanga mstari wawili. Majirani walimwita mkia wa mama. Nilicheka nao, maana ukikasirika ndiyo wanaendelea, kisha niliingia ndani nikalia. Alikuwa na miaka tisa, na niliogopa kwamba atazeeka hivyo.

Basi vita vikapumzika kidogo na njia ya kupanda vilima vya Kibumba ikafunguka. Baba alisema kilima ni kilima hata kama si chake. Kwa kuwa baridi ya kule haipendi migomba, tulibeba maganda kutoka mjini, yamefungwa kwa mipira ya mizigo nyuma ya pikipiki mbili. Anayeona migomba inasafiri anajua ni ya kupamba mlango wa arusi, na mmoja wa madereva wetu akauliza nani anaoa.

"Ni mimi," baba alimjibu. "Bibi ananingojea kule juu."

Dereva alinigeukia nimsaidie kucheka. Nilikaza uso. Alituendesha kwa heshima kubwa mpaka mwisho.

Kibumba kulikuwa na ukungu na harufu ya udongo uliolimwa, kabichi pande zote. Nyuma ya mashamba tulimkuta mchungaji na ng'ombe wake. Baba hakumwomba njia kwa maneno matupu. Alimkabidhi mfuko wa chumvi kwa ajili ya mifugo, kama wanavyofanya watu wa kwao wanapoingia malisho ya mwenzao. Ndipo akauliza jambo moja tu.

"Leo asubui ngombe zilikula wapi?"

Mchungaji alinyoosha fimbo kwenye mteremko wa kushoto.

"Na zilirudi zote?"

"Zote, muzee."

Utotoni mwangu hakuna aliyeuliza hivyo. Tulichagua kilima kwa majani mafupi na bonde laini la kutusimamisha chini. Ila tangu vita vipite juu ya vilima hivi, kuna vyuma majanini ambavyo mtoto hapaswi kuvigusa, na mahali ng'ombe walipokula wakarudi wote ndipo pa kucheza. Baba aliupanda mteremko wote kwa fimbo yake, akipumua kwa shida. Kisha akaachilia ganda tupu litangulie peke yake. Likakimbia, likapinda kidogo, likajilalia kwenye matope ya bondeni. Akasema kilima kimekubali.

Nikiandika haya, njia ile imefungwa tena, na baba amelazwa katika ardhi ya mawe ambayo hakuipenda hata siku moja. Nimemkumbuka sana msimu huu wa mvua. Namwona bado akikaa kwenye ganda, mwanangu mdogo yule wa koti katikati ya miguu yake, visigino vimeinuliwa, wanateremka na kutoweka ukunguni, na kicheko kinapanda kikiwa cha watu wawili wa umri mmoja.

Zamu yetu ilikuwa aibu. Mimi, mama mzima wa parokia, nilikaa mbele, binti yangu nyuma, amevuta kikwembe kwa mikono yote miwili. Hatukufika hata nusu. Ganda lilikwenda huku, sisi kule, tukabiringika na kusimama miguu juu, na mchungaji akageukia ng'ombe wake ili tujirekebishe.

Baba alipanda polepole hadi tulipokuwa. "Hii ganda haibebe watu wenye wanashikana," alimwambia mjukuu wake. "Ukishika mama, munaanguka wote wawili. Kwa hii mambo mutu anaenda peke yake."

Tukarudi kileleni, akaweka ganda lingine na kumwonyesha namna ya kuinua mikono. Binti yangu alikaa, lakini pindo la kikwembe changu bado lilikuwa mkononi mwake. Manyunyu yakaanza. Nilitaka kumbandua vidole mwenyewe, niseme ukweli, nilichoka kuvutwa. Baba alinitazama mara moja, nikatulia.

"Chini kuko nani?" binti yangu aliuliza.

"Ndugu yako," nilimjibu.

"Na huku juu?"

"Ni mimi. Siendi fasi, nabaki hapa hapa."

Alikitazama kilima kwa muda mrefu. Nikahisi nguo imelegea kiunoni, na kabla sijainamisha kichwa, alikuwa amekwenda. Hakupiga kelele. Niliona mgongo wake mdogo, mikono hewani kama alivyoelekezwa, halafu ukungu ukamchukua. Kisha kutoka bondeni kikaja kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau, kwa kuwa tangu mabomu hakuwa amecheka kwa sauti. Nikaketi kwenye majani yenye maji nikalia waziwazi, mbele ya baba, mbele ya mchungaji, na sikuona haya.

Alirudi juu akiburuta ganda, matope hadi kwenye nyusi. Alisimama mbali nami kidogo, akageuka kukitazama kilima alichokishuka, akihema.

"Mama," alisema, "nimekimbia hii yote, na hakuna mutu mwenye alikuwa ananifuata."

Nikamwambia hakuna. Akaliweka ganda chini, akakaa tena.